Somo: tambiko la kinywaji kwa Wagiriki wa kale

Karibuni. Kabla hujagusa chombo, jua unammiminia nani, kwani hilo ndilo linaloamua kama na wewe utakunywa.

Hatua ya 1. Nawa mikono. Mshairi Hesiod alikataza kummiminia Zeus, mkuu wa miungu, divai alfajiri kwa mikono michafu: miungu haisikii, huyatema maombi yako.

Hatua ya 2. Changanya divai na maji kwenye kratera, chungu kipana cha karamuni. Chota kwa jagi, ujaze fiale. Hili ni bakuli bapa lisilo na mkono, lenye kinundu katikati. Ukiligeuza utaona kinundu hicho kina shimo kwa chini. Vidole huingia humo, bakuli likatulia kiganjani. Napenda sana ufundi huu.

Hatua ya 3. Simama, mtaje mungu, mimina kidogo madhabahuni au chini, kinachobaki unywe. Hii ndiyo sponde: mmekunywa pamoja, wewe na mungu. Ndiyo maana mapatano ya kusitisha vita nayo yaliitwa spondai.

Hatua ya 4. Kwa wafu hakuna kubakiza. Hiyo ni khoe, chote kinakwenda ardhini. Katika utenzi wa Homer, shujaa Odysseus alichimba shimo la dhiraa moja kila upande kwa ajili ya wafu, akamwaga maziwa na asali, kisha divai tamu, halafu maji, akanyunyizia unga wa shayiri.

MASWALI

Mwalimu, kila mungu alipewa divai?
Hapana. Eumenide, miungu wa kike wa kisasi, walipewa maji na asali, divai hata tone hapana. Katika tamthilia ya Sophocles, mzee Oedipus anaelekezwa hivi: elekea mashariki, mimina mara tatu, mara ya mwisho ukimalize chombo, omba kwa sauti ya chini, ondoka bila kugeuka nyuma.

Ilifanywa nyumbani tu?
La. Mwaka 415 KK, meli za Athens zikiondoka bandari ya Piraeus kwenda vitani Sicily, tarumbeta ililia, watu wakanyamaza, jeshi zima likamimina kwa vikombe vya dhahabu na fedha.

Ni kweli mwanafalsafa Socrates, alipohukumiwa kufa kwa sumu, alitaka kuimimina?
Ndiyo, mwaka 399 KK. Mwanafunzi wake Plato anasimulia kwamba Socrates alimuuliza aliyeleta kikombe kama anaweza kummiminia mungu kidogo. Akajibiwa kuwa sumu husagwa kiasi cha kutosha tu. Basi akaomba safari yake iwe ya heri, akanywa yote.