Somo: Kata umeme kabla ya kutia mkono kwenye tangi la samaki

Wadau, wengi wetu tunapima usalama wa tangi kwa kuwatazama samaki: wakiogelea vizuri, mambo shwari. Kipimo hicho ni cha hatari. Samaki anaweza kukaa kwenye maji yenye umeme asidhurike, kwa kuwa umeme haupati njia ya kupita kwake kwenda ardhini. Njia hiyo unaileta wewe, uliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye majimaji, mkono umezama hadi kiwiko.

1. Zima soketi ukutani, chomoa plagi zote, ndipo uguse maji. Hita ianze: ichomoe, iache majini ipoe dakika 15 hadi 30 kabla hujapunguza maji. Hita ya kioo ikibaki hewani huku inawaka hupata moto kupita kiasi, na ukirudishia maji ya baridi inapasuka. Ufa wenyewe huwa mwembamba kama unywele. Ifute kwa kitambaa kikavu, iinue kwenye mwanga, tafuta ukungu au vitone upande wa ndani ya kioo. Ukiviona, usiichomeke tena.

2. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande kwenye plagi, ili maji yanayotiririka yadondokee pale kwenye mkunjo. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi. Ipigilie ukutani, pembeni.

3. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, maji huweza kurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu, na umeme ukirejea unaikuta imeloa.

4. Funga RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, iwe hiki. Fyuzi ya plagi inalinda waya usiungue, haikulindi wewe: hata ile ya ampia 3 inapitisha mara 100 ya kiwango hicho. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Sehemu ikivujia mwilini mwako, inakata ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Bonyeza kitufe chake cha T (cha kujaribia) mara kwa mara. Isipokata, ibadilishe.

MASWALI

Mkuu, nimepanga, mwenye nyumba hataki meni swichi iguswe. Nifanyeje?
– Zipo RCD za kuchomeka kwenye soketi ya kawaida. Nunua hiyo, tangi lote lipitie hapo. Ukihama unaondoka nayo.

Filta yangu ina pini mbili, naichomeka kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Kuna shida?
– Ipo, kaka. Plagi hiyo hulegea, inapiga cheche na kuyeyusha soketi. Fundi akufungie ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3.

Nina mchubuko kidoleni, nikigusa maji nasikia vichomo. Samaki wazima kabisa.
– Dada, usiguse tena. Zima ukutani, chomoa kila kitu. Mwite fundi mwenye multimita (kipima umeme) apime kati ya maji na ethi (waya wa ardhini), akiwasha kifaa kimoja kimoja. Volti chache peke yake si lazima ziwe ubovu, lakini kinachopandisha kukaribia 230 kitoe, na ukate waya wake kabla hujakitupa, asije mtu akakiokota akakichomeka.