Una shahada lakini hukusomea ualimu? Njia ya kuingia darasani, hatua kwa hatua

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata, na shahada yangu ya kwanza ni ya kilimo. Kwa hiyo vijana wanaoniletea bahasha zao kuomba kujitolea nawaelewa vizuri. Wengi wana uwezo. Kinachowakwamisha ni kuomba "nafasi yoyote". Shule haina nafasi yoyote. Ina vipindi visivyo na mwalimu. Mwongozo huu ni wa Tanzania, na unawahusu hasa wenye shahada zisizo za ualimu.

Hatua ya 1: Pitia transkripti yako

Chukua kalamu, uwekee alama kila kozi inayogusa somo linalofundishwa sekondari. Mhandisi atajikuta na Fizikia na Hisabati. Aliyesoma jiolojia huenda akapata Jiografia na Kemia. Lenga masomo mawili.

Zoezi hili usiliruke, maana ajira yako ya baadaye inalitegemea. Matangazo ya serikali ya Mwalimu Daraja la III C, yaani mwalimu mwenye shahada, hutaja somo kwa jina. Mwenye shahada isiyo ya ualimu hukubaliwa pale shahada hiyo inapobeba somo husika na kuambatana na Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, ambayo wengi tunaiita PGDE. Ukikuta shahada yako haina hata somo moja la shuleni, usikimbilie kulipa ada ya PGDE.

Hatua ya 2: Tafuta pengo, kisha andika barua

Nenda shuleni Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla ratiba ya Januari haijapangwa. Mtafute mwalimu wa taaluma, umuulize: vipindi gani havina mtu? Mara nyingi utaambiwa Fizikia na Hisabati. Uliza pia kama kuna mwalimu anayetarajia likizo ya uzazi. Siku 84 ni zaidi ya nusu ya muhula, na wanafunzi wake hawawezi kukaa tu.

Sasa barua yako itaje somo na vidato. Kwa shule ya serikali, iandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, na usiingie darasani kwa makubaliano ya mdomo. Suala la posho lizungumze mapema bila aibu. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, shule haiwezi kumlazimisha mzazi kuchangia, hivyo posho mara nyingi ni ndogo na haitabiriki. Uliza nauli, chakula cha mchana na mahali pa kulala. Kwa shule binafsi, uliza mwajiri atashughulikiaje kibali chako cha kufundisha. Usajili wa walimu una sheria yake ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018.

Hatua ya 3: Andaa kipindi kimoja mpaka kiive

Hapa ndipo ninapoamua nani nimpe darasa. Simuulizi mtu GPA. Namwambia: kesho njoo ufundishe dakika 40.

Pakua muhtasari wa somo na kitabu cha kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ni bure. Omba shuleni nakala ya azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada za mwaka) na andalio la somo (mpango wa kipindi), uone yanavyojazwa.

Tuseme umepewa densiti. Usianze na fomula. Beba yai bichi ambalo bado jipya, glasi ya maji, kijiko na chumvi. Lijaribu nyumbani kwanza, kwa sababu yai la siku nyingi huelea hata kwenye maji matupu na kipindi chako kitaharibika. Dakika 5 za mwanzo, uliza kwa nini jiwe dogo linazama na gogo kubwa linaelea. Andika majibu yote ubaoni, hata yasiyo sahihi. Kisha tumbukiza yai, lizame. Mwite mwanafunzi wa dawati la nyuma aongeze chumvi kijiko kimoja kimoja, akikoroga polepole, mpaka yai lipande. Hapo waulize: yai limebadilika, au maji? Wakishabishana, ndipo uandike tungamo kugawanya kwa ujazo na kuwapa hesabu mbili.

Kumbuka pia kwamba sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi wa kidato cha kwanza wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili. Waandikie pembeni mwa ubao maneno manne au matano mapya na maana zake kabla hujaanza. Mwombaji anayekumbuka hilo, mimi nampokea.

Hatua ya 4: Jilinde, walinde watoto

Fimbo usiishike kabisa. Kanuni za 2002 zinampa adhabu hiyo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na wewe si mmoja wao. Mwombe mwalimu mzoefu akae nyuma ya darasa lako mara kwa mara, akuambie ukweli. Kila muhula ukiisha, omba barua ya uthibitisho inayotaja somo, kidato na idadi ya vipindi.

Hatua ya 5: Soma PGDE ukiwa darasani

Kujitolea kusigeuke makazi. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakapelekwa kufundisha, na watu wakawabandika jina la "voda fasta". Lilikuwa jina la kuumiza, nami silipendi. Walibeba madarasa ambayo yangekaa bila mwalimu. Lakini kuna mambo mtu hayaokoti njiani: saikolojia ya mtoto, upimaji, kutunga mtihani wa haki.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinatoa PGDE na kina vituo mikoani, kwa hiyo unaweza kusoma bila kuacha vipindi vyako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinaitoa. Uliza mapema kama mazoezi ya kufundisha unaweza kuyafanyia kwenye shule uliyopo. Kama shahada yako ni ya nje ya nchi, anza na utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Na kama umeishia kidato cha sita, tafuta nafasi ya stashahada kwenye chuo cha ualimu.

Hatua ya 6: Mfumo wa Ajira

Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba ajira serikalini, kabla tangazo halijatoka. Hakikisha jina lako liko sawa kwenye kitambulisho cha taifa, vyeti vya sekondari, shahada na PGDE. Likitofautiana, nenda kwa wakili uandae hati ya kubadili jina mapema, maana dirisha la maombi likifunguka halikai muda mrefu.