Barua ya mkuu wa shule siyo ridhaa ya mwanafunzi

Kwa anayekwenda kuhoji wanafunzi wa sekondari Tanzania kwa ajili ya utafiti: barua ya chuo ya kukutambulisha hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri na Afisa Elimu Sekondari, ndipo ufike kwa mkuu wa shule. Kila ngazi omba nakala yenye muhuri na ubaki nayo. Ukiruka moja, mkuu atakurudisha, na ana haki. Usipange kwenda Novemba, kidato cha nne wako kwenye mtihani.

Barua hizo zinakufungulia geti tu. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, halafu na yeye mwenyewe akubali. Shule ya bweni fomu za ridhaa zitume mapema, wanafunzi waende nazo likizo.

Panapoharibika zaidi ni pale mwalimu wa zamu anapokuchagulia wanafunzi na kukukusanyia fomu. Mtoto aliyeitwa ofisini hasemi hapana. Atasaini, kisha mahojiano yote ni “ndiyo mwalimu”. Eleza darasani mwalimu akiwa nje, waache walale na fomu, wairudishe ndani ya bahasha, hata kama hawakuisaini. Walimu nao waulize kama wanakubali, mmoja mmoja, mbali na mkuu.

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Kurekodi sauti kuwe na kisanduku chake, maana wapo wanaokubali kuongea lakini si kurekodiwa. Mzazi asiyesoma asomewe, aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mwalimu.