Umefunga bampa la chuma na sensa za kuegesha hazinyamazi? Usikimbilie kukata waya

Wateja wengi wenye tatizo hili huanza na sentensi ileile: "Fundi, kata huo waya tupumzike." Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, mji uliojaa Land Cruiser na Hilux zilizoongezewa mabampa ya chuma, winchi, ndoano za trela na vibebeo vya tairi ya akiba. Sensa za kuegesha zimepangwa kufuatana na bampa la kiwandani. Ukifunga chuma kingine mbele yake, sensa haijui kwamba hicho ni kiungo cha gari. Inakiona kama ukuta ulio sentimeta chache tu na kulia kila unapoingia maegesho. Kelele hiyo inachosha kweli, na dereva akishaizoea, hata ile ya maana hasikii tena. Kwa hiyo nakubali inyamaze. Ninachokataa ni kukimbilia plaizi.

Sababu ni hii. Yale macho madogo ya duara kwenye bampa hutoa sauti isiyosikika na sikio la mtu, mitetemo kama 40,000 au zaidi kwa sekunde, kisha husubiri mwangwi. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo kitu kilicho umbali wa mita moja hurudisha mwangwi baada ya takriban milisekunde 6. Kisanduku cha sensa hupima muda huo na kupata umbali. Lakini kisanduku hichohicho hukagua pia kama kila jicho lipo na linajibu. Ukichomoa plagi ya jicho moja, hakichukulii kwamba njia ni nyeupe; kinachukulia kwamba jicho limekufa. Kinachofuata ni taa kwenye dashibodi, ujumbe wa hitilafu, na kwenye magari mengi upande wote wa mbele au wa nyuma unazimika. Kwenye magari mapya yanayojifunga breki yenyewe ukikaribia kugonga wakati wa kuegesha, mara nyingi macho hayo ndiyo yanayotumika, kwa hiyo kwa waya mmoja unaweza kuua na huduma hiyo bila kukusudia.

Tafuta kwanza nani analiza

Peleka gari mahali pa wazi, mita tatu au zaidi kila upande pasiwe na kitu, hata majani marefu yasiwepo. Osha bampa na uyafute macho yote. Tope la huku kwetu likikauka juu ya sensa linatosha kuleta kelele bila kosa lolote la bampa jipya. Kisha vuta hendibreki, mtu akae kwenye usukani akiwa amekanyaga breki, swichi iwe imewashwa na injini imezimwa, aingize rivasi. Magari mengi yataonyesha kwenye dashibodi au kwenye kioo cha redio ni kona ipi inayolalamika. Kama halionyeshi, gusa kila jicho kwa ncha ya kidole: lililo hai utalihisi likitetema kidogo kidogo, na palipo kimya unaweza kusikia tik-tik-tik ukisogeza sikio.

Ukishajua kona, angalia kilichoko mbele ya jicho hilo kabla ya kulaumu bampa zima. Dereva mmoja wa watalii aliniletea Prado akiwa amekata tamaa, anataka sensa zote za mbele zizimwe. Nikamwuliza, "Kaka, ile ndoano ya winchi huwa unaiacha ikining'inia hivyo?" Tuliifunga pembeni kwa mkanda wake, kelele ikaisha. Wakosaji wa kawaida ni hao: ndoano na mkanda wake mwekundu, kibao cha namba kilichopinda kuja mbele, mguu wa taa za ziada, waya uliolegea, na nyuma ni mpira wa ndoano ya trela, ambao huingia katikati kabisa ya macho mawili ya kati. Kama ndoano yako ni ya kuchomoa, ichomoe siku usiyovuta trela.

Kuhamisha jicho ni bora kuliko kulipofusha

Bampa lenyewe likiwa ndilo linaloziba, ushauri wangu wa kwanza ni kuhamisha sensa zikae kwenye uso wa bampa jipya. Mabampa mengi mazuri huja na matundu yake. Kama hayapo, pima kipenyo cha jicho lako kabla ya kutoboa. Sensa nyingi za kununua dukani huhitaji tundu la milimita 22 hivi na huja na kitoboleo chake, lakini hicho ni cha kutobolea plastiki. Kwenye chuma utahitaji kitoboleo cha kutobolea chuma. Za kiwandani zina vipimo vyake.

Jambo linalosahaulika ni mpira. Jicho likigusa chuma moja kwa moja, mtetemo wake unaingia kwenye bampa na kurudi, nalo linajisikia lenyewe. Weka pete ya mpira kati ya sensa na chuma, hata kama fundi wa kuchomelea atakwambia imebana vizuri bila hiyo. Jicho liangalie sambamba na ardhi. Likiinama litaona barabara, likiinuka litapita juu ya mawe. Urefu wa sentimeta 50 hadi 60 kutoka chini unafaa magari mengi. Angalia pia mshale au neno la kuonyesha upande wa juu, kwa sababu mwale wake ni mpana kwenda pembeni na mwembamba kwenda juu na chini. Ukilifunga kiubavu litasoma ardhi. Na usipake rangi nene juu yake. Tabaka moja jepesi linavumilika, lakini rangi ya bampa la chuma iliyopigwa kwa brashi hulifunga mdomo.

Ukiamua kuzima

Anza na kitufe. Tafuta chenye alama ya P pamoja na mawimbi madogo. Kama hakuna, ingia kwenye mipangilio ya dashibodi. Magari yetu mengi yametoka Japani na maandishi yake ni ya Kijapani, kwa hiyo fuata picha: gari dogo lenye mawimbi kwenye kona. Hapo uwe makini. Kengele ya umbali na breki ya kujifunga yenyewe huwa ni mistari miwili tofauti. Zima kengele, breki iache, isipokuwa kama gari linajifunga ghafla kwa sababu ya chuma chako kipya. Hapo zima zote mbili mpaka sensa zihamishwe. Ukimaliza, zima gari, liwashe tena, uone kama limekumbuka. Mengine hurudi yalikokuwa kila unapowasha swichi.

Njia ya kompyuta inafaa unapotaka upande mmoja tu unyamaze. Kwa Volkswagen, Audi na Skoda hutumika programu za VCDS au OBDeleven, kwa Ford ni FORScan, kwa Toyota ni Techstream. Si kila gari litakupa nafasi ya kuzima, mengine yanaruhusu kupunguza sauti tu. Kabla hujabadilisha chochote, piga picha ya maandishi ya zamani au uyahifadhi kwenye faili, na betri iunganishwe na chaja, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika unaweza kuharibu kisanduku. Fundi asiyetaka kukuachia nakala ya mipangilio ya awali, mwambie asubiri.

Wa trela wana bahati. Ukifunga soketi ya trela pamoja na moduli yake (kisanduku kidogo cha umeme) inayotambuliwa na gari, magari mengi huzima sensa za nyuma yenyewe unapochomeka plagi ya trela na kuziwasha ukiichomoa. Ni ghali kuliko kuunga waya kwenye taa, lakini mimi ningelipa.

Sensa za dukani ni kazi nyepesi. Kisanduku chake hupata umeme kutoka waya wa taa ya rivasi. Kata waya mwekundu unaoingia kwenye kisanduku, usiguse ule wa taa wenyewe, kisha weka swichi ndogo hapo katikati yenye fyuzi yake. Baadhi ya visanduku vina uwezo wa kukariri ndoano ya trela na kuipuuza. Soma karatasi iliyokuja nayo kabla ya kuweka swichi.

Nyuma sizimi moja kwa moja kwa gari la familia. Nyuma ya Prado yenye tairi mlangoni, mtoto wa miaka mitatu aliyechuchumaa haonekani kwenye kioo chochote, na hapa mitaani watoto huchezea palepale magari yanapolala. Mteja akisisitiza, namfungia kamera kwanza, ndipo tunazungumza habari ya swichi.

Kazi ikiisha, weka ndoo mita moja nyuma ya gari, kisha mbele, halafu kwenye kila kona, uone kama kila jicho lililobaki linaiona. Rudia injini ikiwa imewaka na taa zimewashwa. Bandika karatasi ndogo karibu na usukani ikisema upande gani umezimwa, na umwambie kila anayeendesha gari hilo, dereva wa kazini na wa nyumbani pia. Siku ukiliuza, mwonyeshe mnunuzi swichi ilipo kabla hajawasha.