Bukavu, Idjwi, Goma: tulivyojipanga kusafiri kwa boti na watoto wanne na koko wao

Mwaka jana shemeji yangu aliyeko Kanada alitutumia picha za meli ya watalii. Meli ina ghorofa kama hoteli, na juu kabisa kuna bwawa la kuogelea. Kitinda mimba wangu akaitazama simu, akauliza: "Mama, meli iko juu ya maji, na wao wameweka tena maji juu ya meli, kwa nini?" Sikuwa na jibu. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, ukisimama mlangoni unaliona Ziwa Kivu, basi nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia na sisi tutapanda boti. Yalikuwa maneno ya kumnyamazisha mtoto, lakini mtoto hasahau. Miezi minane baadaye tulikuwa bandarini: mimi, baba yao, watoto wanne na koko wao, yaani mama mkwe wangu, mwenye presha na ambaye hajawahi kukubali kwamba ana presha.

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa utalii. Ninayoandika hapa ni ya mtu wa Bukavu au Goma anayetaka kuwatembeza watoto ziwani wakati wa likizo. Safari yetu ilikuwa ya siku tano: Bukavu hadi kisiwa cha Idjwi, siku mbili kwa dada ya koko, kisha Goma, kisha kurudi nyumbani.

Anza na kalenda kabla ya pesa. Likizo kubwa ya shule inaangukia Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, na wengi hudhani kiangazi ziwa linalala. Mvua na radi zinapungua, ni kweli, lakini upepo wa kusini unapata nguvu na mawimbi yanainuka. Tena anga inajaa vumbi na moshi, milima huioni vizuri. Majira ya mvua anga huwa safi, ila dhoruba inakuja ghafla, na radi za huku kwetu mnazijua wenyewe. Nilichagua Agosti kwa sababu ya shule, lakini nikakataa boti yoyote inayoondoka mchana. Mwezi unaweza kulazimishwa nao; saa ya kuondoka, hapana.

Halafu hesabu siku zako, uongeze moja ya bure. Mimi sikuongeza. Nilikuwa nimemwahidi bibi harusi mmoja nguo za wasindikizaji wake siku ya Jumatatu, na Jumamosi ya kurudi boti yetu ikaharibika injini kabla haijatoka Goma. Tulilala tena Goma, sote saba chumba kimoja. Nguo nilizimaliza usiku wa kuamkia harusi, macho yamevimba.

Na usikate tiketi wiki tatu mbele. Mwanzoni mwa 2025, vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, safari za ziwani zilisimama, zikaja kuanza tena baadaye. Mambo ya huku hubadilika kati ya usiku na asubuhi. Siku mbili kabla ya safari nenda bandarini kwa miguu yako mwenyewe, usitosheke na simu. Simama pale abiria wanaposhuka, uwaulize: mmetoka saa ngapi, ziwa likoje, njiani mmesimamishwa wapi? Kina mama wanaobeba biashara watakuambia kuliko karani yeyote.

Sasa boti yenyewe. Kanoti ya kasi inakwenda Bukavu–Goma kwa muda wa saa tatu hivi; meli kubwa ya bei nafuu huondoka jioni, watu wakalala humo, wakafika alfajiri. Ukiwa na watoto wadogo meli kubwa ina nafasi ya kutembea, lakini usiku hamwoni kitu, na koko hawezi kulala juu ya benchi. Kanoti ni ghali ila safari inaisha kabla watoto hawajachoka kuuliza kama tumefika. Kwenda Idjwi kuna boti ndogo zaidi, na hizo hufuata siku za soko, kwa hiyo panga siku yako kwa soko lao.

Hapa nitakaa kidogo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, pale Goma, watu wa ufukweni wakiona kwa macho yao. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Tangu siku ile mimi sipandi boti bila kuitazama ubavuni. Boti nyingi zina mahali rangi inapobadilika kuelekea chini. Fika mapema, kabla mizigo haijapandishwa, uangalie mstari huo uko juu ya maji kiasi gani, kisha uangalie tena kila baada ya muda.

Mara ya kwanza tulipotaka kusafiri, mstari ulikuwa juu ya maji kama shubiri moja. Wakapandisha magunia ya unga. Wakapandisha kreti za bia. Yakaja magodoro, yakafungwa juu ya paa, na juu ya magodoro wakakaa vijana. Nilipotazama tena, mstari umemezwa. Nikamwambia baba watoto tushuke. Akasema watu wote wamekaa, sisi ni nani? Nikamshika kitinda mimba mkono, nikashuka, na koko akanifuata bila neno; baba watoto akafuata kwa sababu ya mama yake. Pesa ya tiketi hatukurudishiwa hata franka moja. Boti ile ilifika salama, na mume wangu alinikumbusha jambo hilo wiki nzima. Bado naona nilifanya vizuri.

Jambo la pili ni jileti za kuokolea. Usiulize kama zipo, watakuambia zipo. Omba uone za watoto. Tulipopata boti nyingine, karani alimletea kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne, jileti ya mtu mzima. Kuna njia ya kujaribu: mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika jileti mabegani uiinue juu. Ikipanda ikapita masikio, haimfai, kwa maana ndani ya maji itamvuka hivyo hivyo. Niliinua, na kichwa cha mtoto kikapotea ndani kama kobe. Abiria walicheka. Karani naye alicheka, kisha akaona sicheki, akaenda kutafuta, akarudi na moja ndogo yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mkanda huo ndio unaozuia jileti kupanda. Mtoto atalalamika kwamba unambana, mwache alalamike. Na jileti ivaliwe tangu mnapokanyaga ubao wa kupandia. Waliokaa juu ya jileti zao kama mto hawatapata nafasi ya kuzivaa.

Suala la saa nalo. Hapa kwetu wengi tunahesabu saa kama Wafaransa. Dada yangu aliyeolewa Kigoma alipotutembelea aliambiwa boti inaondoka "saa saba na nusu", akapiga pasi nguo zake polepole asubuhi nzima. Kwake saa saba na nusu ni mchana baada ya chakula. Boti ilikuwa imeshaondoka zamani. Kwa hiyo mwambie karani akuonyeshe saa kwenye simu, kwa tarakimu. Yetu ilikuwa 7:30, nasi tulifika 6:00 na hatukuwa wa kwanza.

Karatasi: kadi ya mpiga kura kwa kila mtu mzima, kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ukiwa nayo. Nilizishonea mfuko wa plastiki mzito wenye zipu, ukakaa tumboni kwangu chini ya kikwembe, yaani kitenge. Pesa igawe sehemu mbili, nusu kwako nusu kwa mumeo, na uchukue franka ndogo ndogo kwa wabeba mizigo na vijitozo vya bandarini. Dola iliyochanika hata kidogo iache nyumbani, hakuna atakayeipokea. Sisi zetu zilitoka kwenye likelemba, yaani mchezo wa kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu. Nilibadilishana zamu na jirani ili zamu yangu iangukie Julai.

Nguo sitaeleza sana, isipokuwa hili: watoto wote wanne niliwashonea mashati ya kikwembe kimoja, cha rangi ya machungwa. Bandarini, katikati ya msukumano, unahesabu machungwa manne badala ya kutafuta sura. Kila mmoja pia abebe sweta. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi upepo wa kanoti unauma, na saa mbili baadaye jua linachoma pua.

Asubuhi ya safari usiwanyime watoto chakula kwa kuogopa kutapika, tumbo tupu linasumbua zaidi. Nusu chapati, ndizi moja, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Achana na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga mpaka mfike. Kaeni katikati au nyuma, chini, ambako boti hairuki sana, na anayeanza kunyamaza na kumeza mate aambiwe atazame milima ya mbali, si simu. Mkubwa wetu alikataa, akacheza mchezo wake kwenye simu, na tulipotoka kwenye ghuba mifuko ya plastiki ilianza kazi. Kama unataka dawa ya kichefuchefu, muulize mfamasia na umtajie uzito wa mtoto. Maji ya kunywa beba ya kutosha, yaliyochemshwa. Kipindupindu huku ni mwenyeji, na mtoto akiona ziwa lote lile hafikiri mara mbili kabla ya kuchota kwa kiganja.

Mkienda kaskazini asubuhi, tafuteni viti vya upande wa kushoto. Jua liko kulia, upande wa Rwanda, na kushoto mnapata kivuli pamoja na mlima Kahuzi, mita 3,308, siku ambayo vumbi limeuruhusu kuonekana. Kama bado kuna wavuvi wanaorudi, waonyeshe watoto zile pirogi (mitumbwi) tatu zilizofungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma kama pembe. Usiku huwasha taa na sambaza wanaifuata. Watoto wangu hawakuamini nilipowaambia kwamba sambaza si wenyeji wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa tatu akauliza kama nao walipanda boti.

Idjwi fika na zawadi: sukari, sabuni, chumvi. Fika pia na tochi na simu zilizojaa chaji, umeme huko usiutegemee. Mananasi usibebe, ni kama kumpelekea mvuvi samaki. Watoto watataka kuogelea na ni haki yao. Mamba na viboko hawamo Kivu, lakini kina kinafika karibu mita 480, na mahali pengi ufuo unashuka ghafla: hatua mbili maji yako gotini, ya tatu umezama. Sisi tuliwaogesha wakiwa na kamba kiunoni, baba yao kashika upande wa pili, watu wa kijiji wakitucheka kwamba tunachunga mbuzi.

Goma hatari iko nchi kavu. Kando ya ziwa, kuelekea magharibi mpaka Sake, kuna mashimo na mabonde ambamo hewa nzito ya kaboni inatoka ardhini na kutulia chini. Ndiyo mazuku. Haionekani, na mtoto anaumia kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Asubuhi mapema kabla ya upepo ndiyo mbaya. Muulize mwenyeji wapi watoto hawachezi, na ukiona mijusi au ndege wamekufa ndani ya shimo usishuke kuwatazama. Usiku tulitoka uani kuangalia kama volkano ya Nyiragongo inawaka. Wekundu ulikuwepo, hafifu, kama jiko la makala linalozimika, na koko akatusimulia tena mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani.

Usiku ule wa nyongeza, baada ya injini kuharibika, ndipo koko alipofungua mkoba wake na kusema dawa zimeisha tangu asubuhi. Alikuwa amehesabu za siku tano kamili. Tulizunguka na baba watoto gizani mpaka tukapata famasi iliyo wazi yenye dawa ileile, na bei waliyotutajia ni ya mtu anayeona umekwama. Dawa za kila siku zibebe wewe, si mzee, na ziwe za siku nane kwa safari ya siku tano. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa maana mzigo mkubwa ukishaingia chini ya sitaha hutauona mpaka mwisho.

Tulipofika nyumbani nilinunua jileti mbili za watoto, ndogo na ya kati, nikaziongezea mkanda wa katikati kwa cherehani yangu, uzi wa nailoni, mshono mara tatu. Zimetundikwa nyuma ya mlango. Majirani wameshaziazima mara nne. Ukiwa Kadutu na una safari, pita uchukue, ila uirudishe ikiwa imekauka. Ya mwisho ilirudi mbichi na ikaozesha ukuta wangu.