Somo: Kuchagua Antena ya Runinga ya Dijitali kwa Nyumba za Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Tangu mitambo ya analogi ilipozimwa nchini mwaka 2015, mtu anayetaka kutazama vituo visivyolipiwa bila dishi anahitaji vitu viwili: kipokezi cha DVB-T2, yaani mfumo unaotumika nchini kurusha runinga ya dijitali kutoka ardhini, kiwe ni king'amuzi au kiwe kimejengewa ndani ya runinga yenyewe, na antena inayofaa mahali anapoishi. King'amuzi huulizwa maswali mengi dukani, lakini antena huulizwa bei tu. Hapo ndipo fedha za wengi hupotea, kwa sababu antena iliyomfaa mtu wa mjini Milimani huenda isimfae kabisa mtu wa mashambani Njoro. Ninashauri kwa nguvu kwamba ujue kwanza mahali pa kuifunga na upande itakaoelekea, kisha uchague aina ya antena na waya, na kununua kuwe mwisho.

Hatua ya kwanza: jua mawimbi yanatoka wapi

Kwa wakazi wa mji wa Kisumu, upande wa kuanzia ni ulipo mtambo wa kurushia mawimbi, Kiboswa, kwenye barabara ya kwenda Kakamega. Kwa wakazi wa Nakuru, ni mlima Menengai ulio kaskazini mwa mji. Ukiwa mbali zaidi, toka nje utazame mapaa ya majirani kadhaa, wala si ya jirani mmoja, kwa kuwa antena moja yaweza kuwa ilisukumwa na upepo na mwenyewe hana habari. Bisha hodi uulize ni nyumba ipi inayopata picha safi. Ukishaijua, angalia mambo mawili: antena yake imeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala sambamba na ardhi au vimesimama wima. Jambo hili la pili hupuuzwa sana, ilhali antena iliyolazwa inapotakiwa kusimama hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata kama imeelekezwa barabara.

Hatua ya pili: tazama kilichopo katikati

Mawimbi ya runinga ya dijitali husafiri katika masafa ya juu yaitwayo UHF, kuanzia megahezi 470, na katika masafa hayo hayapindi kwa urahisi kuzunguka kilima. Ndiyo maana nyumba iliyo Ahero, kwenye uwanda ulio wazi, yaweza kupokea vizuri kuliko nyumba iliyo karibu zaidi na mtambo lakini imejibanza chini ya mteremko. Miti nayo huzuia, hasa mikaratusi mirefu yenye majani yaliyolowa. Mabati huzuia zaidi kuliko miti, na kwa kuwa nyumba nyingi zetu zimeezekwa kwa mabati, usitarajie makubwa kutoka kwa antena iliyowekwa darini.

Hatua ya tatu: chagua aina

Antena ndogo ya kuweka juu ya meza inafaa pale tu unapouona mlingoti wa mtambo, au mlima ulipo mtambo huo, kupitia dirishani, bila kizuizi cha maana. Kwa nyumba nyingine zote, nunua antena ya nje. Ile ya boriti ndefu yenye vijiti vingi vilivyopangwa mstari mmoja hukusanya mawimbi kutoka upande mmoja tu, na kadiri inavyorefuka ndivyo inavyohitaji kuelekezwa kwa uangalifu zaidi. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa Vihiga, Njoro, Maseno na kwingineko kulikojitenga na mtambo. Ile ya bapa yenye wavu nyuma hupokea kwa upana zaidi, nayo inatosha mjini.

Usivutwe na maandishi ya kwenye boksi. Antena haitofautishi analogi na dijitali. Kazi yake ni kupokea masafa, basi. Antena ya UHF iliyokuwa ikipokea analogi vizuri mwaka 2010 bado inafaa leo ikiwa haijaoza. Vilevile, mwenye duka akikuambia kwamba kijiantena cha ukubwa wa kiganja hupokea kutoka kilomita 300, muulize mawimbi hayo yatavukaje milima iliyo katikati.

Hatua ya nne: waya

Hapa ndipo ninapoomba usibane matumizi. Nunua waya wa ohmu 75 wa aina ya RG-6, wenye kiini kinene cha shaba, karatasi ya alumini na wavu uliosukwa kwa wingi. Hata waya huo mzuri, katika urefu wa mita 20 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Ule mwembamba wa bei ya chini hupoteza zaidi. Kwa hiyo pima umbali kutoka juu ya mlingoti wako hadi kwenye runinga, ongeza kidogo, na usiache mizingo ya waya wa ziada nyuma ya kabati.

Kiungio, yaani kichwa cha chuma cha kwenye ncha ya waya, kifungwe kwa utulivu. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita moja na nusu, kunja wavu urudi nyuma juu ya ganda, kisha menya plastiki nyeupe mpaka shaba ya katikati itokeze. Chunguza kwa jicho, ikiwezekana kwenye mwanga wa jua: uzi mmoja tu wa wavu ukiigusa shaba, antena nzima inakuwa haina kazi. Kule juu, zungushia kiungio utepe wa mpira usiopitisha maji, na kabla waya haujaingia dirishani uache uning'inie chini kidogo kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Hatua ya tano: kuelekeza

Fungua menyu ya king'amuzi mahali panapoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Uangalie ubora kwanza. Nguvu yaweza kusoma juu huku ubora ukiwa chini, kwa kuwa kipimo cha nguvu huhesabu hata kelele. Mmoja awe juu, mwingine asome kwa sauti. Geuza antena kidogo kidogo, na baada ya kila hatua ngoja sekunde chache, kwa sababu king'amuzi huchelewa kuonyesha mabadiliko. Usiridhike picha inapotokea tu. Katika analogi mawimbi yakidhoofika ulipata chengachenga na bado ukasikia habari. Katika dijitali picha hubaki safi hadi ukingoni, kisha hukatika vipande vya mraba na kupotea. Basi tafuta pale ubora unapofika juu kabisa, ndipo ukaze skurubu.

Hatua ya sita: radi

Ukanda wa ziwa una ngurumo nyingi. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, na wingu zito linapojikusanya, chomoa waya wa antena na wa umeme mapema. Usipande juu ya paa wakati huo kwa sababu yoyote ile, wala usisimamishe mlingoti mahali unapoweza kuangukia nyaya za umeme.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Njoro: Mwalimu, marehemu baba aliacha antena yenye vijiti virefu. Je, niitumie?

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Pima vijiti hivyo. Vya UHF huwa na urefu wa takriban sentimita 20 hadi 32. Vikiwa vinapita sentimita 70, hiyo ni ya VHF, yaani masafa ya chini kuliko UHF, nayo haitakufaa kwa dijitali. Lakini mlingoti wake utunze, maana ndio ghali zaidi.

Mwanachama wa Nyamasaria: Picha yangu hukatika kila mvua inaponyesha, na fundi anasema ninunue antena kubwa zaidi.

Jibu: Usinunue bado, mama. Mvua yenyewe hudhoofisha sana mawimbi ya dishi, lakini mawimbi ya UHF huyadhoofisha kidogo mno. Mwombe fundi afungue kiungio cha juu. Akikuta shaba imegeuka kijani au wavu umekuwa mweusi, maji yameingia. Akate sehemu iliyoharibika hadi afikie shaba inayong'aa, kisha afunge upya. Ikiwa waya ni mzima, tazama kama kuna mti uliokua mbele ya antena.

Mwanachama wa Lanet: Nimeweka busta, nguvu imepanda, lakini vituo vimepungua. Kwa nini?

Jibu: Busta huongeza mawimbi pamoja na kelele zake, na karibu na mtambo hukijaza kipokezi kupita kiasi. Iondoe ujaribu tena. Busta ina kazi yake pale waya unapolazimika kuwa mrefu au unapogawa kwa runinga mbili, na hapo hufungwa juu karibu na antena, si nyuma ya runinga. Ikiwa antena yako ina busta ndani yake, washa umeme wa antena, yaani ule unaopanda kupitia waya kuilisha busta, kwenye menyu ya king'amuzi. Ikiwa haina, uzime.

Mwanachama wa Luanda: Ninapata vituo vya kundi moja, vingine havionekani kabisa ingawa jirani anavipata.

Jibu: Vituo husambazwa na kampuni tofauti, kila moja katika masafa yake, na si lazima mitambo yao iwe mahali pamoja. Fanya utafutaji upya kwanza. Kisha chagua kituo kilicho dhaifu kuliko vyote, uelekeze antena kwa kukitazama hicho, halafu uhakikishe kwamba vile vyenye nguvu havijapotea. Hakikisha pia kwamba unavyovitafuta si vya kulipia, kwani hivyo huhitaji king'amuzi cha kampuni yake na antena haitavifungua.

Mwanachama wa Vihiga: Nyumba yetu iko bondeni, mlima uko mbele. Nimejaribu kila kitu.

Jibu: Jaribu kuusogeza mlingoti kando, hata mita chache kuelekea upande ambapo mlima unashuka, kabla ya kuurefusha. Ukiwa na eneo la juu shambani, funga antena huko na ulete waya wenye busta. Ubora ukibaki sifuri baada ya hayo, usiendelee kununua antena. Fedha hizo ziweke kwenye dishi la vituo vya bure vya setilaiti.