Ukiwa China, Fika Anyang Ukaone Mifupa ya Ramli

Kwa unayesoma au kufanya biashara China, wenyeji watakuelekeza Xi'an kuona askari wa udongo. Nenda. Lakini ukipata siku mbili za mapumziko, fika pia Anyang, mkoani Henan. Hapo ndipo yalipo magofu ya Yinxu, mji mkuu wa mwisho wa utawala wa Shang, uliostawi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Usafiri si mgumu. Shukia kituo cha Anyang Mashariki, kwenye reli ya mwendokasi ya Beijing–Guangzhou. Kutoka Zhengzhou ni kama saa moja. Anayetokea Guangzhou ahesabu siku nzima njiani. Tiketi hukatwa kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo usiiache bwenini. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, mapema, na uulize kabla kama hoteli inapokea wageni wa nje. Likizo ya Oktoba mosi ikwepe kabisa: watu ni wengi mno.

Anzia jumba jipya la makumbusho, lililofunguliwa 2024, na usiipite haraka mifupa ya ramli. Mpiga ramli alichimba vishimo nyuma ya gamba la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe, akavichoma moto, kisha nyufa zilizotokea zikasomwa. Swali lilichongwa kwenye mfupa au gamba hilohilo, na mara nyingine jibu na matokeo yake. Mfalme Wu Ding aliulizia uzazi wa mkewe, Fu Hao. Siku 31 baadaye alijifungua, na mfupa ukaandika kuwa haikuwa heri: mtoto ni wa kike.

Maneno hayo yanauma zaidi ukijua mama mwenyewe alikuwa nani. Fu Hao aliongoza vita. Mfupa mmoja unataja jeshi la watu 13,000. Kaburi lake lilikutwa mwaka 1976 halijaguswa na wezi, likiwa na vitu vya shaba nyeusi 468, vitu vya jade (jiwe la thamani) 755 na kauri, yaani simbi za baharini, karibu 7,000. Mtu wa pwani atazitambua kauri hizo mara moja. Anyang iko bara, mbali na bahari yenye joto, nazo zilifika huko zikiwa mali ya thamani. Lakini wamo pia watu 16 waliouawa ili wazikwe naye. Ukiwa na watoto, waandae kabla ya kushuka kaburini.

Chungu kikubwa cha shaba cha Houmuwu, chenye kilo 832, kilifukuliwa hapa mwaka 1939, ila kwa sasa kipo Makumbusho ya Taifa, Beijing. Ukitaka kukiona, weka nafasi mtandaoni siku kadhaa kabla, tena kwa pasipoti ileile.